Tone la Mafuta Begani

Usiku ule niliwasha tochi ya simu, nikaifunika kwa kiganja ili mwanga upenye mwembamba kati ya vidole. Mume wangu alikuwa amelala chali, mkono mmoja kifuani. Kwa miezi mitatu alikuwa akiamka alfajiri, anaoga, anavaa shati lililopigwa pasi, ananiaga na kuondoka. Jioni anarudi na kusema amechoka. Mchana wa siku ile ndipo nilipojua kwamba hakuwa na kazi ya kwenda. Alikuwa ameachishwa, na kila asubuhi alikwenda kukaa popote mpaka saa za kazi zipite. Sikumwambia kwamba nimejua. Nilingoja alale, nikammulika.

Nilitaka kuuona uso wa mtu mwongo. Nilichokiona ni mwanamume aliyekonda kitandani pangu mwenyewe bila mimi kugundua. Mifupa ya mabega ilikuwa imechomoza. Na hapo, hasira ikiwa bado imenikaba koo, kilichonijia kichwani ni kisa nilichokisoma mara nyingi tangu ujanani: kisa cha Psyche na taa yake.

Nimekuwa msomaji wa riwaya za kifantasia kwa zaidi ya miaka ishirini. Nimezisoma nikiwa msichana anayeota harusi, nikazisoma nikiwa bibi harusi, na sasa nazisoma nikiwa mke wa mwaka wa kumi na moja. Vitabu ni vilevile. Ninachokitafuta ndani yake ndicho kilichobadilika, na tangu usiku ule wa tochi kimebadilika zaidi. Ndiyo maana naandika.

Kisa cha Psyche kimo ndani ya riwaya ya Kilatini ya karne ya 2, Punda wa Dhahabu, kazi ya Apuleius, mwenyeji wa Madauros, mji uliokuwa katika nchi ambayo leo ni Algeria. Humo kinasimuliwa pangoni mwa majambazi. Msimulizi ni bibi kizee anayewapikia, na msikilizaji ni msichana aliyetekwa siku ileile aliyokuwa akipambwa kwa harusi yake. Kwa hiyo tangu mwanzo ni hadithi ya ndoa anayosimuliwa mtu ambaye ndoa yake imekatizwa, na mwanamke aliyekwisha kuishi.

Psyche ni binti wa mfalme, mzuri kiasi kwamba watu wameacha kwenda kumwabudu Venus, mungu wa uzuri, wanakwenda kumtazama yeye. Bashiri inamwambia baba yake ampeleke binti kwenye ncha ya jabali akiwa amevaa mavazi ya harusi iliyo pia mazishi, kwa kuwa mumewe atakuwa kiumbe cha kutisha. Anapelekwa, watu wakilia. Upepo unamwinua na kumshusha taratibu bondeni, penye jumba ambalo watumishi wake ni sauti tupu. Usiku anakuja mume. Anakuja gizani, anaondoka kabla hakujapambazuka, na sharti lake ni moja: usitake kuuona uso wangu. Psyche anashika mimba ya mtu asiyemjua sura. Dada zake wanakuja kumtembelea, wanamwambia kwamba anayelala naye ni joka, litammeza yeye na mtoto aliye tumboni. Basi usiku mmoja anachukua taa ya mafuta na wembe. Anainua taa, na anayemwona ni Cupid, Mapenzi mwenyewe, amelala na mabawa yake.

Hapa wasimulizi wengi hupita mbio kuelekea kwenye lile tone la mafuta. Mimi nasimama. Kabla ya tone, Psyche anaigusa mishale ya mumewe, anajichoma kidole, na kwa jeraha hilo dogo anampenda Mapenzi kwa hiari yake. Mpaka dakika ile alikuwa mke, na sasa ndiyo kwanza anakuwa mpenzi. Taa aliyoibeba kwa shuku ndiyo iliyompa kitu cha kupenda. Kisha mkono unatetemeka, tone la mafuta ya moto linaangukia bega la kulia la mume, naye anaamka, anaruka na kwenda zake.

Nusu ya pili ya kisa ni kazi. Psyche anatafuta, anakataliwa malangoni, anajisalimisha kwa mama mkwe, na Venus hamhurumii. Anampa lundo la nafaka zilizochanganyika azitenganishe kabla ya usiku. Anamtuma manyoya ya dhahabu ya kondoo wakali, maji ya mto wa kuzimu, na hatimaye kijisanduku chenye uzuri wa malkia wa wafu. Kuna sehemu inayonigusa kila mara kwa jinsi ilivyo ya kawaida: Venus anasema ndoa hii si ndoa, wanandoa hawalingani, ilifungwa shamba, bila mashahidi, bila ridhaa ya baba, na hata mtoto atakayezaliwa hatakuwa halali. Miungu wanagombana kama wakwe! Mwishoni Jupiter, mfalme wa miungu, anampa Psyche kinywaji cha kutokufa na kutangaza kwamba sasa ndoa inalingana na ni ya kisheria. Mtoto anazaliwa, binti, anaitwa Raha.

Apuleius alijua vizuri maneno ya wakwe. Alikuwa amemwoa Pudentilla, mjane tajiri wa Oea, mji ambao leo ni Tripoli, aliyemzidi umri. Ndugu wa mume wa kwanza wakamshtaki kwamba amemroga ili amwoe. Kesi ilisikilizwa Sabratha, mwaka 158 au 159 hivi, na utetezi wake tunao hadi leo. Walalamikaji walileta barua ya Pudentilla mwenyewe, iliyoandikwa kwa Kigiriki, wakasoma mstari unaosema kwamba Apuleius ni mchawi, nami nimerogwa, nampenda. Apuleius akataka barua isomwe yote. Ilipowekwa wazi, maana ikageuka: mama alikuwa anamshangaa mwanawe kwamba nyinyi ndio mlionishauri niolewe naye, na leo, kwa fitina za watu, mnasema ni mchawi. Mstari mmoja ukichomolewa kwenye barua unaweza kuua ndoa. Nililisoma hilo nikakumbuka jinsi nilivyojua siri ya mume wangu: nusu ya mazungumzo niliyoyasikia pembeni, bila mwanzo wala mwisho.

Sasa nije kwenye rafu ya leo.

Mchanganyiko wa mapenzi na fantasia ndio unaouzwa sana siku hizi, na simdharau anayeusoma, kwa kuwa mimi ni mmoja wao. Lakini katika sehemu kubwa ya riwaya hizi harusi imehamishiwa mwisho. Kurasa mia tano za kufukuzana, vita, busu la kwanza mlangoni mwa kifo, kisha ndoa inafungwa na kitabu kinafungwa. Au ndoa imebadilishwa na kitu kingine kabisa: mwenza wa majaaliwa, mtu ambaye nafsi yako imefungamana na yake tangu kabla hamjaonana. Hili la pili ndilo linalonisumbua. Mwenza wa majaaliwa hamuliki mtu usiku. Uhusiano wao umethibitishwa na ulimwengu wenyewe, kwa uzi unaong'aa ndani ya kifua. Shaka ikiingia, uzi unaijibu. Wanaoishi na mtu wanajua kwamba uzi huo haupo. Kuna sauti ya mlango jioni, na neno "nimechoka", na uamuzi wa kuliamini au kutoliamini.

Hata hivyo nikisema kisasili kimekufa humo nitakuwa nimedanganya. Sarah J. Maas alipotoa kitabu cha kwanza cha mfululizo wake maarufu, mwaka 2015, alimpa shujaa wake Feyre bwana mwenye uso uliofunikwa, na baadaye majaribu matatu chini ya mlima. Ni Psyche mtupu. Na katika kitabu cha pili, cha 2016, Feyre anagundua kwamba Rhysand, bwana mwingine anayempenda sasa, alijua siku nyingi kuwa wao ni wenza na akamficha. Anakasirika, anaondoka, anakaa peke yake. Kwa kurasa chache, majaaliwa hayamsaidii mtu, na lazima mmoja aeleze kwa nini alinyamaza. Kurasa hizo ndizo ninazozipenda kuliko vita vyote vinavyozifuata. Natamani zingekuwa nyingi zaidi.

Kufichana ndiko kiini cha ndoa za visasili. Katika upande mmoja mume ndiye aliyefichwa: joka, dubu mweupe, mnyama wa jumbani. Katika upande mwingine kinachofichwa ni cha mke: ngozi yake ya sili, au lile vazi la manyoya ambalo Hasan wa Basra analificha katika Alfu Lela Ulela ili mke-ndege asiweze kuruka. Siku mke anapolipata vazi, anawachukua watoto na kupaa. Mitindo hii miwili inaonekana kama kinyume, lakini swali ni lilelile: nini kinabaki kati yetu siku kilichofichwa kitakapoonekana? Katika simulizi ya Mrembo na Mnyama, aliyoitoa Bi. de Villeneuve mwaka 1740 na Bi. Leprince de Beaumont akaifupisha mwaka 1756, Mnyama anauliza kila usiku kama msichana atakubali kuwa mkewe, na kila usiku anajibiwa hapana, na kila usiku anaondoka bila kumgusa msichana. Wenye kuigeuza hadithi hiyo leo mara nyingi wanaacha kuuliza huko kwa kila siku, ili wafike upesi kwenye busu. Kumbe kuuliza na kuondoka ndiko kulikomfanya awe mtu.

Tuna na yetu. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha mkusanyiko wa ngano za Kiswahili, na humo kimo kisa cha Sultan Darai. Maskini anayechakura jaani akitafuta punje za mtama anaokota thumuni, anamnunua paa. Paa anasema. Paa anakwenda kwa sultani, anamposea bwana wake binti, na anampa bwana huyo jina lisilo lake: Sultan Darai. Anamvika, anamtafutia hata jumba, baada ya kumwua nyoka mwenye vichwa saba. Bibi harusi hajui kamwe kwamba mumewe alitoka jaani. Kisha paa anaugua, na yule bwana anasema apewe uji wa mtama mbovu, maana ni paa wa thumuni tu. Mke anamsihi, anamhudumia paa kwa siri, mume hasikii. Paa anakufa. Usiku mke anaota yuko kwao, anaamka yuko kwao. Mume anaota anachakura jaani, anaamka jaani.

Nilipokuwa mdogo niliona ni adhabu ya utovu wa shukrani, na ni kweli. Usiku wa tochi niliona jambo jingine. Yule mtu aliishi na mkewe muda wote akiwa na hofu ya jaa. Ndiyo maana hakuweza kumvumilia paa, shahidi pekee wa alikotoka. Angemwambia mkewe siku moja, "Mimi nilikuwa nachakura," paa angekuwa na hadithi ya kuwachekesha wote wawili jioni. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Aibu inafichika. Kwangu ilifichika miezi mitatu, ndani ya shati lililopigwa pasi.

Lazima niseme habari za dada yangu mkubwa, kwa kuwa bila yeye hadithi yangu haikamiliki. Yeye ndiye aliyeanza. "Mdogo wangu," aliniambia, "mwanamume anayerudi kila siku saa ileile na hana habari hata moja ya kazini, ana jambo." Alikuwa amesema kweli. Lakini alivyosema! Niliisikia furaha ndogo katika sauti yake, ya mtu anayeona mlango wa zamani unafunguliwa tena, kwamba huenda nikarudi kuwa wake.

C. S. Lewis aliandika riwaya nzima juu ya sauti hiyo. Ilitoka mwaka 1956, na ni kisa cha Psyche kama kinavyosimuliwa na dada mkubwa, Orual, mwanamke asiye na sura nzuri aliyemlea Psyche kama mwanawe. Badiliko kubwa la Lewis ni hili: jumba la mungu halionekani. Orual anapanda mlimani, anamkuta mdogo wake ana afya na furaha, amekaa nyikani penye nyasi. Psyche anamkaribisha mvinyo katika kikombe kizuri. Orual anaona maji katika viganja. Yeye akiwa nje ya ndoa ile, na akipenda kwa upendo unaotaka kumiliki, atafanyaje aamini? Anajichoma mkono wake mwenyewe kwa kisu na kutishia kuua, mpaka Psyche anakubali kuwasha taa, akijua kwamba kwa kuiwasha anauvunja uaminifu wake mwenyewe. Baadaye Orual anakuwa malkia, anafunika uso kwa utaji, na anaandika kitabu cha malalamiko dhidi ya miungu. Siku anapopewa nafasi ya kuyasoma mbele yao, anajisikia akisema kilichokuwa moyoni siku zote: yule msichana alikuwa wangu.

Sijasoma kitabu kingine cha kifantasia kinachojua kwamba ndoa haina watu wawili tu. Kuna walioachwa nje ya mlango, nao wanapenda, na upendo wao una meno.

Na kuna hili la maisha ya mwandishi. Aprili ya mwaka huohuo wa 1956, Lewis alifunga ndoa ya serikali na Joy Davidman, mshairi Mmarekani, ili apate haki ya kubaki Uingereza. Kitabu kile amemtabaruku yeye. Baadaye Joy akagunduliwa ana saratani, na Machi 1957 wakafunga ndoa ya kanisa kando ya kitanda cha hospitali. Alifariki Julai 1960. Ndoa ikatangulia, taa ikafuata. Lewis aliandika kisa cha Psyche kisha akakiishi, na kila nikifikiria mpangilio huo najiuliza ni wangapi kati yetu walifunga ndoa mara moja tu.

Mume wangu. Asubuhi baada ya tochi nilimwambia kwamba najua. Nilimwambia kwa sauti ya juu, na katikati nilitoa neno moja juu ya uanaume wake ambalo silirudii hapa. Hilo ndilo lililokuwa tone langu la mafuta. Hakujibu. Kwa wiki kadhaa alilala sebuleni, akawa mpole kwa watoto na bubu kwangu.

Katika wiki hizo nilirudi kwa Ursula K. Le Guin. Vitabu vyake vitatu vya mwanzo vya Earthsea, ulimwengu wa visiwa alioubuni, vilitoka kati ya 1968 na 1972, na humo wanasihiri wakuu hawaoi. Nguvu yao na kitanda haviendi pamoja, na hakuna anayeuliza kwa nini. Kisha, mwaka 1990, alitoa cha nne, Tehanu, na ni kama alirudi kumulika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Ged, mkuu wa wanasihiri wote, aliyefunga mlango kati ya walio hai na wafu, analetwa nyumbani mgongoni mwa joka akiwa hana nguvu hata chembe. Zimekwisha. Anayempokea ni Tenar, ambaye katika kitabu cha pili alikuwa kuhani kijana aliyeokolewa gizani. Sasa ni mjane wa mkulima, ana watoto wakubwa, na analea mtoto aliyechomwa moto na watu waliopaswa kumtunza.

Wajumbe wa mfalme wanapokuja kumtafuta Ged, Ged anajificha. Anaona aibu. Nilikuwa nimesoma sehemu hiyo miaka mingi iliyopita nikamwona mnyonge, nikachoka naye. Tenar pia anachoka naye. Hakuna anayemtafuta kwa ubaya, anasema, kwa nini akimbie? Kuna mganga wa kijijini, mama mzee Moss, anayemweleza Tenar kwamba mwanamume wa aina ile amo ndani ya ngozi yake kama kokwa ndani ya ganda. Ganda ni gumu na limejaa yeye mtupu, na nguvu yake ikiondoka, hakibaki kitu ndani. Sikubaliani na Moss kwa kila alisemalo, na sidhani Le Guin alikubaliana naye. Lakini niliposoma maneno hayo, sebuleni kukiwa na mtu amelala na viatu pembeni vimepangwa kana kwamba kesho ana safari ya kazini, nilielewa kwa mara ya kwanza zile asubuhi. Shati lile lilikuwa ganda. Hakulivaa ili anidanganye. Alilivaa ili asianguke.

Ged na Tenar wanakuja kuwa mume na mke bila harusi, wakiwa watu wazima, mvi kichwani, baada ya usiku wa hatari ambao Ged hakutumia sihiri bali uma wa shambani. Hajawahi kulala na mwanamke maishani. Mwanasihiri mkubwa kuliko wote anafundishwa na mjane jambo ambalo wenye hekima wote hawakuweza kumfundisha. Na baadaye anaosha vyombo, ilhali mwana wa Tenar aliyerudi kutoka baharini anaona hiyo ni kazi ya wanawake. Hakuna joka katika sehemu hiyo. Kwangu ndiyo kilele cha vitabu vyote vya Earthsea.

Mwaka 2008, akiwa na umri mkubwa, Le Guin alifanya tena jambo kama hilo, kwa upole zaidi. Katika utenzi wa Virgil, mshairi wa Roma ya kale, juu ya Aeneas, Lavinia ndiye mke ambaye vita vyote vya nusu ya pili vinapiganwa kwa ajili yake, na hasemi neno hata moja. Utenzi wenyewe unakoma kabla ya harusi. Le Guin anamfanya Lavinia aseme, na anamkutanisha na kivuli cha mshairi anayekaribia kufa, ambaye anamwambia yatakayompata. Ataolewa na mgeni, na watakaa pamoja miaka mitatu. Anaolewa akijua hesabu hiyo. Kisha anaieleza miaka hiyo, siku za kawaida za mke na mume, ambazo mwandishi wa zamani hakuziona kuwa na thamani ya beti.

Tolkien nampitia upesi, ingawa wasomaji wenzangu wengi wangeanza naye. Hadithi ya Lúthien, binti wa kabila lisilokufa, aliyeimba mbele ya bwana wa wafu mpaka akamrudishia Beren na yeye mwenyewe akakubali kufa kama binadamu, inatokana na siku ya mwaka 1917 ambapo mkewe Edith alimchezea ngoma katika uwazi wa msitu wenye maua meupe. Majina hayo mawili yamechongwa kwenye kaburi lao Oxford. Ni mazuri. Ila mimi ninayemfikiria zaidi ni Arwen, ambaye naye aliacha kutokufa kwa ajili ya mume, na ambaye habari zake za ndoa ziliwekwa kwenye viambatisho mwishoni mwa riwaya ya The Lord of the Rings: miaka 120 na mume mmoja, na baada ya kifo cha mumewe akagundua kwamba alilolichagua kwa furaha ni chungu kuliko alivyodhani. Kwamba mambo haya yaliwekwa kiambatishoni kunanieleza mengi kuhusu mahali fantasia ilipozoea kuiweka ndoa.

Kuna ngano ya Norwei, iliyokusanywa na Asbjørnsen na Moe katika karne ya 19, ambayo ni Psyche wa nchi za baridi. Mume ni dubu mweupe mchana na mtu usiku. Mke anawasha mshumaa, matone matatu ya shahamu yanaangukia shati la mume, naye analazimika kwenda mbali, mashariki ya jua na magharibi ya mwezi, kumwoa binti wa zimwi. Mke anamfuata, anabebwa na upepo wa kaskazini mpaka upepo wenyewe unachoka. Na jaribu la mwisho ni nini? Kufua. Mume anasema atamwoa yule tu atakayeyatoa matone yale kwenye shati. Mazimwi wanafua, doa linazidi kuwa jeusi. Anakuja yule aliyelitia doa, analitumbukiza shati majini, linatoka jeupe kama theluji. Hakuna mwingine aliyeweza.

Mimi nilianza kwa kumwomba radhi kwa neno lile. Sikuomba radhi kwa kumulika.

Kisha, kwa kuwa sikuwa na la kufanya usiku, nilianza kukiandika kisa cha Psyche kwa Kiswahili katika daftari la shule la mmoja wa watoto, kwa kalamu, kwa ajili yangu tu. Siku moja nilikuta mume wangu amekaa mezani na daftari. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Nikaendelea na shughuli zangu nikijifanya sioni.

"Huyu Cupid," aliniuliza hatimaye. Ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza marefu kwangu kwa siku nyingi. "Mkewe anahangaika kote huko, anatenganisha nafaka, anashuka mpaka kuzimu. Yeye yuko wapi?"

"Kwa mama yake. Anauguza bega."

"Muda wote huo?"

"Muda wote."

Akarudi nyuma kurasa mbili, akatafuta, akakuta pale nilipoandika kwamba Venus alimfungia chumbani. "Mlango ulikuwa umefungwa," alisema.

"Ulikuwa umefungwa. Kovu lilipopona, hakuweza tena kukaa bila mkewe. Akatokea dirishani."

Alinyamaza. Alilitazama daftari, akalifunga, akaliweka kando kwa mkono wazi kama mtu anayesafisha meza. Kisha akaanza kunisimulia ile asubuhi ya kwanza, tangu alipofika langoni, akaambiwa asiingie.